Jinsi ya kuielewa "get" bila kukariri orodha ya maana

Mwanafunzi akiambiwa "get" ni "kupata" na basi, "I got tired" itamkwamisha. Mimi huwapitisha wanafunzi wangu njia hii.

Hatua ya 1. Chukua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza inayoeleza asili ya maneno. Programu za kutafsiri ziweke kando; hukupa jibu bila sababu.

Hatua ya 2. Anza na asili. Neno hili lililetwa na Waviking, mabaharia wa Skandinavia waliovamia na kuhamia mashariki na kaskazini mwa Uingereza kuanzia karne ya 9. Kwao lilikuwa "geta": kupata, kufikia. Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu yake, aliyebaki ndani ya "forget" na "beget". Shika hiyo "kufikia", utaihitaji.

Hatua ya 3. Tazama kinachofuata "get". Kikiwa kitu, ni kupata: "get a letter". Kikiwa mahali, ni kufika: "get home". Kikiwa sifa, umeifikia hali hiyo: "get tired" ni kuchoka, "get old" kuzeeka, "it's getting dark" giza linaingia. "Get paid" ni kulipwa.

Kazi iko kwenye "I got my hair cut", yaani niliagiza mtu aninyoe. Sisi tukitoka kwa kinyozi husema "nimenyoa", kwa hiyo wengi huandika "I cut my hair". Mwingereza ataelewa umeshika mkasi mwenyewe! Kwa hiyo baada ya "got" kitu ("my hair") kikae katikati, kitenzi ("cut") kifuate. Lakini "I got my phone stolen" ina umbo lilelile, na hakuna aliyeagiza aibiwe. Hapo ni "niliibiwa simu". Jiulize kama mhusika alilitaka tendo. Akiwa katikati ni mtu unayemshawishi, weka "to": "I got him to come". Ukitumia "made", hiyo "to" haiingii.

Tena, "I've got a car" ni "nina gari". Mmarekani akitaka kusema amelipata, husema "I've gotten a car". "Gotten" ni umbo la zamani ambalo Waingereza wengi wameliacha, kwa hiyo usimsahihishe anayelitumia.

Hatua ya 4. "Get up", "get over", "get along": jifunze kila moja ndani ya sentensi uliyoikuta ukisoma, uiandike daftarini nzima pamoja na kilichofuata.