Ukungu wa kijivu huanzia kwenye ua: ushauri kwa wakulima wa nyanya na stroberi

Mkulima wa stroberi huvuna asubuhi, akapanga matunda kwenye vikasha yakiwa mekundu na mazima, kisha siku ya pili akafunua na kukuta mawili matatu yamevaa manyoya ya kijivu. Kwa kawaida hulaumu usafiri, au mnunuzi aliyeyahifadhi vibaya. Mara nyingi lawama hiyo haina msingi, kwa kuwa kimelea kinachoozesha matunda hayo, ambacho wataalamu hukiita Botrytis cinerea, kilikwisha kuingia wiki kadhaa nyuma wakati ua likiwa wazi, kikatulia ndani ya tunda changa bila kuonyesha dalili yoyote, kikisubiri sukari iongezeke na ngozi ilainike. Asiyelijua jambo hili ataendelea kupulizia dawa juu ya ugonjwa uliokwisha kumaliza kazi yake.

Ukungu huu si wa kudharauliwa. Mwaka 2012, jarida la Molecular Plant Pathology lilipowataka wanasayansi kutaja kuvu wa mimea wenye uzito mkubwa zaidi kisayansi na kiuchumi, waliuweka katika nafasi ya pili, nyuma ya kuvu anayeunguza mpunga. Unashambulia zaidi ya aina 1,000 za mimea, zikiwemo nyanya, stroberi, zabibu, pilipili hoho, saladi, maharage mabichi na waridi, wala hauhitaji mmea ulio hai ili uendelee kuishi: petali iliyoanguka, jani lililokauka au nyanya iliyooza chini ya mstari hutosha kuutunza na kuuzalisha. Hustawi zaidi kwenye nyuzijoto 15 hadi 25 za Sentigredi, pale ambapo majani na maua yamebaki na maji kwa saa nyingi mfululizo, na hiyo ndiyo hali ya usiku wa masika kule Lushoto, Limuru au Kinangop.

Anayetaka kuutambua aingie kwenye kitalu nyumba mapema, kabla jua halijapanda, alitikise taratibu shina lenye kidonda cha rangi ya kahawia. Vumbi litainuka kama majivu yaliyopulizwa, na kila chembe ya vumbi hilo ni spora, yaani mbegu ya ukungu inayoweza kuota kwenye ua la jirani. Kwenye tunda la nyanya, uozo laini huanzia penye kikonyo. Wakati mwingine huonekana vijiduara vyeupe vyenye nukta nyeusi katikati. Hapo spora iliota, ikajaribu kupenya, ikashindwa, na tunda lenyewe bado linalika, ingawa mnunuzi mwenye macho makali atalikataa. Wakulima wengi huuchanganya ugonjwa huu na bakajani chelewa, ugonjwa mwingine unaounguza majani ya nyanya, wakaununulia dawa yenye metalaksili. Kiambata hicho hakiudhuru ukungu wa kijivu hata kidogo, kwa hiyo fedha hupotea na siku hupotea pia.

Kazi kubwa ya kuuzuia hufanywa kwa mikono na kwa hewa. Kuta za pembeni za kitalu nyumba zifunguliwe asubuhi na mapema badala ya kungoja joto lizidi, na jioni zisifungwe kabla hewa yenye unyevunyevu haijapata nafasi ya kutoka, la sivyo unyevu huo utaganda chini ya nailoni ya paa usiku na kudondoka juu ya maua. Umwagiliaji uwe wa matone, na ufanyike asubuhi. Stroberi ziwekewe matandazo ya nyasi kavu au nailoni nyeusi ili tunda lisilale juu ya udongo, wala zisilishwe naitrojeni kupita kiasi, kwa sababu majani hunenepa na kufunika maua, na ua lililofunikwa halikauki.

Katika upogoleaji wa nyanya ndipo ninapoliona kosa lilelile kila msimu. Mkulima hukata jani la chini akabakiza kisiki cha kikonyo, pengine cha urefu wa nusu kidole, kwa kuogopa kulijeruhi shina. Kisiki hicho hukauka na kufa, ukungu hujipatia chakula usichopaswa kukipata, kisha hutembea polepole hadi kwenye shina na kulizunguka. Baada ya wiki chache sehemu yote ya juu hunyauka ghafla, na mwenye shamba huanza kuulizia dawa ya mnyauko wa bakteria. Jani likatwe usawa wa shina, kwa kisu kikali, asubuhi ya siku kavu, ili kidonda kikauke kabla ya jioni. Majani yaliyokatwa na matunda yaliyooza yawekwe papo hapo ndani ya mfuko, ufungwe ndipo utolewe nje. Kuyaburuta kwenye njia katikati ya mistari ni kuupanda ugonjwa kwa mikono yako mwenyewe.

Dawa zina nafasi yake, lakini historia yake inataka tahadhari. Dawa za jamii ya benomili zilipoanza kutumika ziliufanyia ukungu huu kazi nzuri sana, lakini tayari mwaka 1971 watafiti wa Uholanzi walitoa taarifa ya ukungu wa kijivu sugu dhidi ya benomili, walioupata kwenye maua ya saiklameni. Tangu hapo usugu umeonekana dhidi ya makundi mengi yaliyofuata. Sababu ni kwamba ukungu huu huzaa spora nyingi mno kwa muda mfupi, na ile moja inayonusurika ndiyo inayojaza shamba. Kubadilisha jina la dawa tu hakusaidii: kabendazimu na thiofanati-methili ni kundi moja, na anayezipokezana anarudia dawa ileile katika chupa mbili. Wataalamu huyapa makundi haya namba, kwa kufuata namna dawa inavyomshambulia kuvu: iprodioni iko kundi la 2, boskalidi la 7, pirimethanili na siprodinili la 9, fludioksonili la 12, feniheksamidi la 17. Msomaji asome kiambata hai kwenye lebo, amwombe afisa ugani amwonyeshe kundi lake, na asirudie kundi moja mfululizo. Wakati wa kupulizia ni maua yanapochanua na mvua inakaribia. Dawa iwe imesajiliwa kwa zao husika, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwa Tanzania au na bodi inayodhibiti viuatilifu kwa Kenya, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna ziheshimiwe. Stroberi huliwa na ngozi yake.

Utafiti umeonyesha njia nyingine pia. Huko Israeli aina ya kuvu rafiki, Trichoderma harzianum T39, ilitengenezwa kuwa dawa ya kibiolojia inayofika kwenye ua na kidonda kabla ya adui na kumnyang'anya chakula. Ninaoupenda kuliko wote ni ule wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, uliochapishwa mwaka 1992: watafiti waliweka unga wa kuvu rafiki mwingine mlangoni mwa mzinga, nyuki wakaukanyaga wakitoka, wakaupeleka wenyewe kwenye kila ua la stroberi walilotembelea. Pampu ya mgongoni haiwezi kulenga hivyo.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, waligundua kwamba ukungu huu hupeleka vipande vidogo vya RNA, yaani molekuli zinazobeba maagizo ya jeni au kuyazima, ndani ya seli za mmea ili kuzima kinga yake. Mwaka 2016 waliugeuzia ukungu silaha hiyo: walipaka juu ya matunda, mboga na maua RNA iliyotengenezwa kuzima jeni za ukungu wenyewe, na uozo ukapungua. Udhaifu wake ni kwamba RNA haidumu sana juani na kwenye maji, kwa hiyo watafiti wa Australia wakaijaribu ikiwa imeshikizwa kwenye chembe za udongo mfinyanzi ili ikae muda mrefu zaidi juu ya jani. Ni kazi ya kutazamwa kwa makini, lakini msimu huu kisu kikali na ukuta uliofunguliwa mapema vitamfaa mkulima zaidi.

Wakati wa kuvuna, stroberi zichumwe zikiwa kavu, zisioshwe kabla ya kuhifadhiwa, na zipozwe mara moja zikaribie nyuzijoto 0. Baridi huuchelewesha ukungu bila kuuua, kwa maana huendelea kukua polepole hata ndani ya jokofu. Anayechuma asiguse tunda lililooza kwa mkono uleule anaochumia. Ni heri mtu mmoja atangulie kuondoa yaliyoharibika, akiwa na ndoo yenye mfuniko. Na kikasha kikionekana kimeota manyoya, kitolewe kwenye chumba cha kupangia matunda kikiwa bado kimefungwa, kwa sababu kukifungua humo ni kulimwaga lile vumbi la kijivu juu ya vyote vilivyobaki.