Kumpa mtoto prednisoloni nyumbani, mpaka siku ya kidonge cha mwisho

Kijana wangu alikuwa na miaka 5 alipoamka asubuhi moja macho hayafunguki kwa uvimbe. Hospitalini wakasema figo zinavujisha protini, wakatuandikia prednisoloni: vidonge 8 vya miligramu 5 kila siku, maana alikuwa na kilo 20. Mzazi mwenzangu, haya ndiyo ambayo ningeambiwa kabla sijapanda teksi ya kurudi Busia.

Mpe dozi yote asubuhi, akishakula. Mwili wenyewe hutoa homoni yake ya kortisoli kwa wingi saa hizo, na dawa hii ni ndugu yake. Ukimpa jioni, mtoto hatalala wala wewe hutalala. Ni chungu kweli. Mimi nilivisaga kwa mgongo wa kijiko nikavichanganya na bogoya (ndizi mbivu) iliyopondwa. Vyenye ganda gumu la nje usivisage. Omba vya kawaida.

Njaa itakuja. Wangu alikuwa anaamka saa nane usiku kudai posho (ugali). Mpe chakula, lakini mkono wa chumvi uwe mwepesi, na mukene (dagaa) wa chumvi mpumzishe kwanza.

Kisha mashavu yatajaa, na hapo ndipo majirani wanapoanza: "Baba, huyu si amevimba tena?" Jifunze kutofautisha. Bonyeza mfupa wa muundi kwa kidole gumba, hesabu mpaka kumi, achia. Ngozi ikibaki na shimo, hayo ni maji, ugonjwa umerudi. Mashavu ya dawa ni mafuta, hayaachi shimo, na yatapungua dozi ikipungua. Ila usiamini kidole peke yake. Kila asubuhi kinga mkojo wa kwanza, chovya karatasi ya kupimia, linganisha rangi na ile ya kwenye kopo. Kiraka cha protini kikibaki njano, vizuri. Kikigeuka kijani, andika. Siku tatu mfululizo za kijani kilichokolea, rudi kwa daktari hata kama mtoto anacheza mpira.

Sasa kosa langu. Wiki ya tano mkojo ulikuwa safi, mashavu yamekuwa kama chapati, na mhudumu wa duka moja la dawa akaniambia, "Amepona, acha tu." Nikaacha. Siku chache baadaye mtoto alikuwa hawezi kusimama, anatapika, mikono baridi. Daktari alinichorea tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia. Dawa ikiingia kwa wiki nyingi, tezi zile huona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Ukiikata ghafla, mwili unabaki bila homoni ya kuuendesha. Ndiyo maana hupunguzwa hatua kwa hatua: sisi tulirudishwa kwenye dozi, baadaye tukashuka hadi vidonge 6 siku moja ndiyo, siku moja hapana. Tundika kalenda ukutani na ukate siku kwa kalamu, vinginevyo utachanganya.

Akitapika vidonge, au akipata homa, nenda hospitali siku ileile na useme mapema kwamba yuko kwenye prednisoloni, kwa sababu huenda akahitaji kuongezewa dozi. Tetekuwanga na surua ni hatari kwake. Mtoto wa jirani akiugua, mpeleke wako hospitali, usingoje atoke vipele. Kabla ya chanjo yoyote, uliza kwanza. Minyoo na kifua kikuu viulizie tangu mwanzo, dawa hii hulegeza ulinzi wa mwili.

Vikibaki, usigawe. Jirani aliniomba kwa ajili ya ndugu yake mwenye homa ya uti wa mgongo, yaani uvimbe wa utando wa ubongo. Dawa za jamii hii hazisaidii kila uvimbe: utafiti uliohusisha na Uganda yetu, uliochapishwa 2016, ulisimamishwa njiani kwa sababu deksamethasoni, ndugu wa prednisoloni, iliwadhuru wenye UKIMWI waliokuwa na homa hiyo inayoletwa na fangasi. Vyetu 14 nilivirudisha kwenye dirisha la dawa, jirani akaninunia mwezi mzima.