Kabla Hujapanda Mam Tor: Mambo ya Kuzingatia

Kilele cha Mam Tor, kilima cha Uingereza, kiko mita 517 juu ya usawa wa bahari. Naitaja namba hiyo mapema kwa sababu ndiyo inayowaponza watu wetu. Aliyezaliwa Moshi ameamka na Kilimanjaro mbele ya macho yake maisha yote. Wa Lushoto amekulia mahali palipo juu zaidi ya mara mbili ya kilele hicho. Ukimwambia avae buti na abebe tochi, anacheka. Mwambie aache kucheka, avae.

Kilima chenyewe kiko Derbyshire, Uingereza, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District, ya kwanza kuanzishwa nchini humo, mwaka 1951. Manchester iko upande mmoja, Sheffield upande wa pili, kwa hiyo ndugu wengi wanaoishi miji hiyo wanafika na kurudi siku hiyohiyo. Ukiwa juu unaliona bonde la Edale kaskazini na bonde la Hope kusini, na kati yake mgongo mrefu wa nyasi unaokwenda mpaka Lose Hill. Ni pazuri kwelikweli. Nendeni, na wageni wenu muwapeleke, lakini jiandaeni.

Viatu: buti au raba zenye meno. Sehemu kubwa ya njia ya juu imetandikwa mawe bapa, na yakilowa yanateleza kama sabuni.

Nguo: jinzi ziache nyumbani. Kitambaa cha pamba kikilowa kinashika maji, kinaganda mwilini na kunyonya joto lako. Vaa sufu, au nguo za michezo zinazokauka haraka, na juu yake koti la mvua lenye kofia. Mwavuli haufai kitu, upepo wa pale utaugeuza ndani nje. Dada zangu mnaovaa baibui, vaeni suruali nene ndani yake na ushungi mubane kwa pini za kutosha. Baibui refu kwenye ngazi za mawe mtalikanyaga wenyewe. Glavu na kofia ya sufu bebeni hata mwezi wa tano.

Chakula: kule juu hakuna duka, hakuna kibanda, hakuna bomba la maji. Chai ya tangawizi kwenye chupa, maandazi, maji, na kitu kitamu cha akiba ambacho hakiguswi mpaka mmeshuka.

Usafiri: treni ya kati ya Manchester na Sheffield inasimama Edale na inasimama Hope. Kariri majina yote mawili, utaona sababu hapo chini. Angalia treni ya mwisho kabla hujatoka nyumbani, hasa Jumapili. Wenye gari, maegesho ya National Trust, shirika la uhifadhi, yaliyo karibu na kilele yanajaa asubuhi ikiwa hali ya hewa ni nzuri. Usije ukaegesha pembeni mwa barabara ya Winnats Pass; ni nyembamba, ina mwinuko mkali, na inapita katikati ya kuta za mwamba wa chokaa.

Kuna barabara nyingine inayowavuta watu, ile iliyovunjika. Zamani barabara kuu, A625, ilipita chini ya uso wa mashariki wa Mam Tor. Uso huo ni tabaka za mawe ya mchanga na mwamba laini wa tope. Mvua ikinyesha sana maji yanaingia ndani, na ubavu mzima unateleza kidogo kidogo, kazi inayoendelea kwa maelfu ya miaka. Serikali ikakarabati, kilima kikasogea, ikakarabati tena, mpaka mwaka 1979 ikaifunga kabisa. Leo lami imekatika vipande vilivyopishana ngazi-ngazi. Tembea hapo kwa miguu, piga picha zako. Lakini usipande ule ubavu ulio wazi kutafuta njia ya mkato kwenda kileleni. Mawe yanaporomoka, na aliye chini yako hana pa kukimbilia.

Sasa giza. Hapa nisikilize vizuri.

Sisi tumelelewa na jua lisilotudanganya. Tanga, Mombasa, Dar, mwaka mzima Magharibi inaingia karibu na saa kumi na mbili na kitu, na mtu anapanga siku yake bila kuangalia angani. Uingereza sivyo. Pale Mam Tor, mwezi wa sita jua linazama saa tatu na dakika arobaini usiku. Mwezi wa kumi na mbili linazama saa kumi kasoro dakika kumi. Halafu kuna Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa zinaporudishwa nyuma saa nzima. Jumamosi jua limezama karibu saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini; kesho yake, kwa saa ya ukutani, linazama saa kumi na dakika arobaini.

Jumapili hiyohiyo ndiyo aliyoichagua mpwa wangu. Alikuwa mwanafunzi, mgeni wa nchi, mtoto wa Lushoto, na alikwenda na wenzake wawili wa chuo. Walishuka Edale kwa treni mchana, wakapanda mpaka Hollins Cross, ile njia panda ya katikati ya mgongo, kisha wakafuata mgongo mpaka kileleni. Wakakaa, wakapiga picha, wakala. Wakati wanaanza kurudi ukungu ukashuka. Walipofika Hollins Cross hawakuona bonde hata moja. Njia ya kushoto inateremka Edale, ya kulia inateremka Castleton, na zote mbili ni njia zinazoeleweka, zenye alama za nyayo. Wakashika ya kulia.

Hilo lenyewe si maafa. Castleton ni kijiji chenye watu, chenye migahawa na basi, na kutoka hapo hadi stesheni ya Hope ni kama kilomita nne za barabara tambarare. Lakini wao walijua jina moja tu, Edale. Walipotoka chini ya ukungu na kuona kijiji wasichokijua, badala ya kuingia kijijini na kuuliza, wakageuka wapande tena mgongo ule wawahi treni. Mvua ikaanza. Wawili walikuwa na jinzi. Jua likazama wakiwa mteremkoni, na tochi yao ilikuwa simu, ambayo kwa baridi na kupiga picha kutwa ilibakiwa na chaji kidogo.

Mpwa wangu alinipigia. Sauti yake ndiyo iliyonitia hofu kuliko maneno yake: alizungumza polepole, maneno yanagongana, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akasema mwenzao amekaa chini, amekataa kuinuka, anasema hasikii tena baridi. Nikamwambia akate simu yangu na apige 999, namba ya dharura, hapohapo, aombe polisi, kisha awaambie anataka waokoaji wa mlimani. Akapiga, simu ikadumu muda wa kutosha kueleza walipo, ikazima.

Waokoaji wale ni watu wa kujitolea. Wana kazi zao za kila siku, wanaacha chakula cha jioni mezani na kupanda mlimani usiku kumtafuta mtu wasiyemjua, wala hawamdai hata senti. Waliwapata vijana wetu, wakawafunika, wakamshusha yule mmoja kwa machela. Alilala hospitali na akapona. Mama yake, aliye Korogwe, aliambiwa siku zilipopita.

Kwa hiyo yashike haya. Angalia saa ya jua kuzama kwa tarehe unayokwenda, na panga uwe umefika chini saa moja kabla yake. Kama unaswali unayo tayari kwenye ratiba ya Magharibi ya msikiti wa mji ulio karibu. Beba tochi ya kuvaa kichwani, moja kwa kila mtu. Beba chaji ya akiba, na simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili. Ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, wachora ramani wa taifa, inayohusika ni ile ya OL1; nunua na jifunze kuitumia pamoja na dira, kwa sababu mtandao mabondeni unakatikakatika. Jua stesheni za pande zote mbili. Ukishuka upande usio wako, baki chini, usipande tena gizani.

Mtu anayepoa mwili anaanza kwa kutetemeka. Kisha anajikwaa, vidole vinashindwa kufunga zipu, ulimi unakuwa mzito, anakuwa mkali au kimya. Akiacha kutetemeka na hajapata joto, hali ni mbaya. Mtoe kwenye upepo, mvue nguo iliyolowa kama una kavu ya kumvika, mkalishe juu ya begi asiguse ardhi, mkumbatieni. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Usimsugue mikono na miguu, na pombe asipewe hata tone.

Filimbi ni ya bei ndogo, kila mtu awe nayo. Piga mara sita ndani ya dakika moja, tulia dakika moja, rudia. Tochi nayo vivyo hivyo. Na kabla hujaondoka nyumbani, tuma neno “register” kwenda 999 na ufuate maelekezo. Ukishajiandikisha unaweza kuomba msaada kwa ujumbe pale ambapo mtandao hautoshi kwa sauti.

Mengine ni madogo. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge. Kondoo ni mali ya watu, watoto wasiwakimbize. Ng'ombe mwenye ndama mzungukieni mbali. Kiangazi kuna kupe kwenye majani marefu, kaguaneni miguu mkifika nyumbani. Msiwashe jiko la mkaa nyasini, nyanda zile zinashika moto na kuwaka kwa siku nyingi. Mvua ikianza kabla hamjapanda, nendeni mapango ya Castleton, kama Treak Cliff au Blue John, mkaone jiwe la zambarau na manjano linalochimbwa hapo, au ngome ya Peveril. Mwenye kisukari abebe dawa yake mwenyewe, si kwenye begi la mwenzake. Mwachie mtu nyumbani jina la njia mnayopita na saa mnayotarajia kurudi, na mkishafika chini mpigieni.