Simu inapokea barua pepe za ofisi lakini haitumi

Kagua mipangilio ya seva ya kutuma, maana hujazwa kando na ile ya kupokea.

Weka poti (namba ya mlango wa mawasiliano kwenye seva) 587 na usalama wa STARTTLS, au 465 na SSL/TLS; zote mbili ni njia za kusimba mawasiliano yasisomwe njiani. Poti 25 achana nayo: ni ya seva kupelekeana barua, na mitandao mingi ya simu huifunga ili kuzuia barua taka. Ndiyo maana barua hupita ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini, kisha hukwama ukihamia data.

Jina la mtumiaji, kwa kawaida, ni anwani nzima ya barua pepe. Kwenye iPhone nafasi hiyo na ya nenosiri huonyeshwa kama si za lazima. Zijaze hata hivyo. Ukiziacha wazi, seva iliyopangwa vizuri itakataa kwa kosa la 550 au 554, kwani haimpelekei barua nje mtu isiyemtambua.

Likija onyo la cheti (kitambulisho cha kidijitali cha seva), huenda umeandika IP ya ndani (anwani ya namba ya seva kwenye mtandao wa ofisi) badala ya jina lililo kwenye cheti, mfano mail.jinalakampuni.co.tz. Sahihisha jina. Usichague kamwe kukubali vyeti vyote: simu haitatambua seva bandia, na kwenye Wi-Fi ya mgahawani nenosiri lako linaweza kunaswa kirahisi.