Sarafu iliyofifia si lazima iwe imechakaa

Ukikuta shilingi ya zamani ya simba pale Makoroboi, Mwanza, muuzaji akasema "hii imechakaa, chukua kwa bei ya kutupa," usikubali wala kukataa haraka. Iinamishe chini ya tochi ya simu, uigeuzegeuze polepole.

Sarafu iliyochakaa mifukoni huanza kuwa bapa kwenye sehemu zilizoinuka: shavu, nywele, mgongo wa mnyama. Mng'ao wake wa asili nao hupotea hapo kwanza. Ila kama michoro imefifia na mng'ao bado upo hata juu ya sehemu hizo, huenda kalibu, yaani kile chuma kinachogonga michoro kwenye sarafu, ndiyo iliyochoka. Kalibu ikigonga vipande vingi mno, chuma chake hulika kidogo kidogo. Herufi hutoka zimevimba, kingo zake hazieleweki, na vijistari vyembamba huonekana vikikimbilia ukingoni.

Tazama pia mistari. Iliyozama ni mkwaruzo. Iliyoinuka yaelekea ni ufa wa kalibu, maana metali iliingia ndani ya ufa wakati wa kugongwa. Wapo wakusanyaji wanaozitafuta hizo makusudi.

Na tafadhali, usiisugue kwa majivu ing'ae. Mng'ao ukiondoka haurudi, na ushahidi wote umeufuta.