Mwanzi uliopasuliwa kwa mayai ya geko

Ukifuga geko (aina ya mijusi) wa mitini wanaobandika mayai yao pale wanapotaga, kama wa jenasi ya Lygodactylus, pasua kipande cha mwanzi kwa urefu, kifunge tena kwa raba, kisimamishe kizimbani. Majike hupenda upenyo mwembamba wenye giza. Yai hutoka laini, linanata, kisha gamba hukauka likiwa limeshikana na mahali lilipotagiwa, ukilibandua linapasuka. Kwa mwanzi unafungua raba na kuhamisha ile nusu yenye mayai, bila kuyageuza. Akitaga kwenye kioo (wapo wakaidi), yaache hapohapo, uyafunike kwa kikombe chenye vitundu, maana wakubwa huweza kula vitoto. Kwa geko wanaofukia mayai mbinu hii haifai kitu: hao wape udongo wenye unyevu.