Jinsi ya Kukagua Mercedes-Benz 600 Kabla ya Kuinunua

Gari la Mercedes-Benz 600, lililooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Frankfurt mwezi Septemba 1963 na kuendelea kuundwa hadi 1981, limewahi kubeba wakuu wa aina zote, kuanzia Papa Paulo VI na Josip Broz Tito hadi Elvis Presley. Yaliyotoka kiwandani ni 2,677 tu, na kila moja lilichukua kazi nyingi ya mikono. Anayebahatika kukuta moja linauzwa huwa amekwisha kulipenda kabla hajalikagua, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Kwa hiyo rangi na ngozi ya viti viache mwisho. Anza na haidroliki, yaani mfumo wa mafuta yenye shinikizo, na mifuko ya hewa inayolibeba gari badala ya springi za chuma.

Vioo, viti na mfuniko wa buti haviendeshwi na mota za umeme, bali na mafuta yaliyo katika shinikizo la takriban baa 150, ilhali tairi la kawaida hujazwa baa 2 au zaidi kidogo. Mwombe mwenye gari awashe injini kwa muda, kisha aizime. Bonyeza swichi ya kioo: kwa kuwa mfumo una akiba yake ya shinikizo, kioo kinapaswa kupanda bila mlio wowote, taratibu ukibonyeza kidogo na upesi ukibonyeza sana. Utulivu huo, kwa maoni yangu, ndio fahari ya gari hili kuliko urefu wake. Usiweke kidole penye njia ya kioo, kwani nguvu ile inaweza kukiumiza vibaya. Baada ya hapo inua mazulia na upapase chini ya milango. Ukikuta unyevu wa mafuta, ujue kuna bomba au sili (mpira wa kuzibia maungio) inayovuja, na kuifikia ni kazi ndefu ya fundi aliyebobea.

Kuhusu mifuko ya hewa, fika asubuhi kabla gari halijawashwa. Chukua rula upime kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, ulinganishe kushoto na kulia. Pembe ya gari iliyoshuka usiku kucha huonesha kwamba mfuko wa mpira au vali inapoteza hewa, hata kama gari litainuka vizuri injini ikiwashwa.

Injini yenyewe, V8 ya lita 6.3 na nguvu farasi 250, ni imara. Angalia moshi wa buluu na kumbukumbu za matengenezo.

Ukiambiwa kwamba gari ni Pullman, yaani toleo refu la 600, pima umbali kati ya ekseli. Pullman halisi ina mita 3.9, na ile fupi mita 3.2. Linganisha pia namba ya chasisi na hati za gari, kwa maana gari fupi likikatwa na kurefushwa baadaye haliwi Pullman ya kiwandani, na halistahili bei yake.